Kirusi Kilichokuja kwa Mkono: Bariadi, Steshenari na Ulinzi wa Kompyuta

Historia ya virusi vya kompyuta, jinsi inavyoandikwa Marekani na Ulaya, ni historia ya waya. Inaanza kwa kishindo tarehe 2 Novemba 1988, mnyoo wa Robert Morris ulipozagaa katika kompyuta za vyuo vikuu vya Marekani. Inapitia Mei 2000, barua pepe ya mapenzi ya uongo iliyotoka Ufilipino ilipolemea seva dunia nzima, na kufika Mei 2017, WannaCry ilipofunga kompyuta za hospitali za Uingereza na kudai malipo. Ushauri anaopewa mwenye kompyuta ya nyumbani umezaliwa na historia hiyo: sasisha programu kila masasisho yanapotoka, nunua antivirusi, usifungue kiambatisho cha mtu usiyemjua. Ni ushauri mzuri kwa waliopatwa na hayo. Ukiuleta Bariadi, mkoani Simiyu, hata hivyo, unakuta kwamba kwa miaka mingi ulikuwa ukilinda mlango ambao adui hakuupitia. Virusi vingi vilivyosumbua Simiyu vilikuja mfukoni, kwenye flashi, na aliyevileta alikuwa mtu anayejulikana kwa jina: mwalimu, mwanafunzi, karani wa halmashauri, ndugu aliyetoka Mwanza jana yake. Hoja yangu ni kwamba tofauti hiyo ya njia inabadilisha swali zima la ulinzi. Mashine ya mtu mmoja mkoani humo haikuwa na namna ya kulindika peke yake, na jambo hilo wakulima wa pamba wa eneo hilohilo walikuwa wameshalazimika kulielewa katika mashamba yao miaka mingi kabla ya flashi ya kwanza kuchomekwa.

Tuanze na kuchelewa kwa kompyuta yenyewe, maana bila hilo mengine hayaeleweki. Kompyuta ya kwanza ya serikali ya Tanzania ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, na kufikia 1974 zilizokuwapo nchini zilihesabika kwa vidole. Mwaka huo serikali, ikiwa imechoshwa na mfumo wa hesabu ulioleta gharama na mparaganyiko badala ya nafuu, ilipiga marufuku kuingiza nchini kompyuta na runinga pasipo kibali. Masharti yalilegezwa hatua kwa hatua kadiri biashara ilivyofunguliwa katika miaka ya 1980 na 1990. Kwa hiyo, ndugu wawili wa Lahore, Basit na Amjad Farooq Alvi, walipotengeneza kirusi cha Brain mwaka 1986, nacho kikaizunguka dunia ndani ya diski laini zilizopitishwa mkono kwa mkono, Mtanzania mwenye kompyuta yake binafsi alikuwa nadra sana. Mpenda utani angesema marufuku ile ndiyo antivirusi kali kuliko zote zilizowahi kutumika Afrika Mashariki, ingawa haikuwekwa kwa sababu hiyo, na bei iliyolipwa kwa kubaki nyuma ilizidi sana hasara ya kirusi chochote. Linalotuhusu ni kwamba kompyuta ilipoanza kuenea mikoani, ilikuja ikiwa imeshakua pamoja na maradhi yake yote. Mtumiaji wa Ulaya alijifunza virusi kidogo kidogo kwa miaka ishirini, ilhali mtumiaji wa Bariadi alikabidhiwa mashine na magonjwa kwa siku moja.

Mkoa wa Simiyu ulitangazwa rasmi Machi 2012. Bariadi, Maswa na Meatu zilitoka Shinyanga, Busega ikamegwa kutoka Magu ya Mwanza, na Itilima ikazaliwa ndani ya Bariadi. Mji uliokuwa makao ya wilaya ukawa makao ya mkoa, na ofisi za mkoa zina njaa ya karatasi: barua, taarifa, mihtasari, bajeti, fomu. Kabla ya hapo shule za sekondari za kata, zilizojengwa kwa wingi tangu katikati ya miaka ya 2000, zilikuwa zimeshaleta mahitaji yao, hasa mitihani ya kuchapwa na kudurufiwa. Karatasi hizo zote zilipita mahali pamoja, napo ni steshenari. Kwenye chumba kimoja cha duka palikuwa na mashine ya kudurufu, printa, kompyuta moja au mbili zilizonunuliwa zikiwa zimeshatumika, laminesheni, na kijana anayechapa kwa kasi. Neno kompyuta ya nyumbani, kama linavyotumika kwenye vitabu vya mwongozo, halikuwa na maana kubwa hapo, kwa sababu kaya nyingi hazikuwa na mashine na hata sasa hazina. Waliokuwa na kompyuta mpakato nyumbani hawakuwa na printa, na kati ya nyumba na printa daraja lilikuwa flashi. Mtu alichapa usiku kwake, asubuhi akachomeka dukani, jioni akaichomeka tena kwake. Kompyuta ya steshenari ilipokea flashi za shule, za makanisa, za vyama vya msingi vya ushirika na za watu wanaotafuta kazi, siku moja, kwenye tundu lilelile.

Jinsi ugonjwa ulivyopita katika tundu hilo ni jambo la kutazamwa kwa karibu. Tangu Windows 95, Microsoft iliweka utaratibu wa kompyuta kusoma faili dogo liitwalo autorun.inf kila inapoingizwa diski, ili programu ya usakinishaji ianze yenyewe bila mtu kuhangaika. Wema huo uliokusudiwa kwa CD ulipohamia kwenye flashi ukawa balaa. Mtengeneza kirusi alihitaji tu kuandika faili hilo, na kuchomeka kukawa kuambukizwa. Conficker, iliyoibuka Novemba 2008 ikipitia mtandao, iliongezewa njia ya flashi mwezi uliofuata. Nchini Kenya kilizagaa kirusi kilichojipa jina la mwanasiasa Raila Odinga, ishara kwamba wahuni wa fani hiyo hawakuwa Moscow na Beijing tu. Kisha kikaja kile ambacho mafundi wengi wanakikumbuka kwa jina la kirusi cha shotikati. Kilificha mafolda ya mtu, kikaweka mahali pake vijialama vyenye majina yaleyale, na kila ulipobofya kijialama ulikuwa umekianzisha upya. Mwenye flashi aliona kazi yake imetoweka. Kwa kweli mafaili yalikuwa palepale, yamefichwa tu, na amri moja fupi kwenye dirisha jeusi la Windows iliweza kuyafichua yote. Fundi asiyeijua amri hiyo alifomati flashi, na hapo ndipo kazi ilipopotea kikwelikweli. Naamini mitihani na tasnifu nyingi zilizodaiwa kuliwa na kirusi ziliangamizwa na tiba.

Kwa nini basi hali hiyo ilidumu wakati dawa ilikuwapo? Microsoft ilitoa sasisho la kuzima autorun kwa flashi kwenye Windows XP na Vista, na Februari 2011 ikaanza kulisukuma kwa kila mashine inayosasishwa kiotomatiki. Windows 8, mwaka 2012, ilikuja na kinga yake ndani, bila gharama ya ziada. Kwa maandishi, tatizo lilikuwa limekwisha. Lakini dawa hizo zilisafiri kwa intaneti, na intaneti ya Bariadi ya miaka hiyo ilikuwa modemu iliyochomekwa ubavuni mwa kompyuta na bando lililonunuliwa kwa megabaiti. Sasisho moja kubwa lilitosha kumaliza bando la wiki kabla mwenyewe hajafungua ukurasa hata mmoja. Aliyezima masasisho alikuwa amepiga hesabu na kupata jibu sahihi kwa mfuko wake. Ongeza hapo kwamba nakala nyingi za Windows zilikuwa za kukraki, zilizowekwa na fundi kutoka diski moja iliyozunguka mji mzima, na mwenye nakala ya namna hiyo huogopa kusasisha asije akagunduliwa. Antivirusi nazo zilikrakiwa vilevile, jambo la ajabu kidogo ukilifikiria, maana programu ya kuvunja kufuli ya antivirusi ni mahali pazuri mno pa kuficha kirusi. Hivyo ugonjwa ulitembea kwa miguu bila nauli, dawa ikapanda gari la gharama. Matokeo yake yangetabiriwa na mtu yeyote anayejua biashara ya kijijini.

Hapa ndipo pamba inapoingia. Simiyu imekuwa kwa miaka mingi kitovu cha ukanda wa pamba wa magharibi, na historia ya zao hilo ni kwa sehemu kubwa historia ya kupambana na maradhi yanayobebwa na kitu ambacho kila mtu anakihitaji. Mbegu ya pamba haitunzwi ghalani na mkulima kama ya mtama. Pamba mbegu huenda kiwandani, huko nyuzi hutenganishwa na mbegu, kisha mbegu hurudishwa kwa wakulima msimu unaofuata. Kiwanda kinachanganya mazao ya mamia ya mashamba, kwa hiyo gunia moja la mbegu linaweza kubeba mnyauko kutoka shamba ambalo mpokeaji hajawahi kulisikia. Watafiti wa kituo cha Ukiriguru, karibu na Mwanza, walilishughulikia hilo kwa kuzalisha aina zinazohimili ugonjwa, na mfumo wa usambazaji ukajitahidi kutenga mbegu za maeneo safi na za maeneo yaliyoambukizwa. Wadudu waliwekewa kanuni nyingine, inayosimamiwa siku hizi na Bodi ya Pamba: masalia ya pamba yang'olewe na kuchomwa kabla ya tarehe 15 Septemba, ili funza wasipate mahali pa kungojea mvua. Huko kusini, ambako funza mwekundu alitishia kupanda kaskazini, serikali ilikwenda mbali zaidi na kuzuia kilimo cha pamba kabisa tangu mwishoni mwa miaka ya 1960. Fikra iliyo chini ya kanuni hizo zote ni moja. Shamba ni lako, hasara ni ya jirani, kwa hiyo usafi wa shamba lako haukuachiwa hiari yako peke yako, na juhudi kubwa iliwekwa pale ambapo mbegu za wote zinakutana.

Ukiihamishia fikra hiyo kwenye kompyuta, unaona mara moja kwamba nguvu zilipotezwa mahali pasipo penyewe. Kila aliyeshauriwa aliambiwa alinde mashine yake, na karibu hakuna aliyeulizwa kuhusu mashine ya steshenari, ambayo ndiyo iliyokuwa kiwanda cha kuchambulia. Mashine moja ya dukani iliyozimwa autorun, yenye antivirusi halali inayosasishwa, na yenye kijana anayeikagua kila flashi kabla ya kuifungua, ingekinga nyumba mia zinazoitegemea, hata zile ambazo wenyewe hawajui autorun ni nini. Kinyume chake, nyumba iliyojilinda vilivyo iliendelea kupokea ugonjwa uleule kila ilipotuma flashi kuchapisha ukurasa mmoja. Gharama ya kusasisha mashine kumi za mjini kwa bando la pamoja ni ndogo kuliko gharama ya kusasisha mamia ya nyumbani, na masasisho yenyewe yanaweza kubebwa kwenye flashi safi kutoka mashine moja hadi nyingine, kwa njia ileile ambayo kirusi hutumia. Halmashauri inatoa leseni za biashara, na kukagua mizani ya dukani ni jambo la kawaida kwa serikali. Kukagua kompyuta inayobeba mitihani ya shule nzima hakukuwahi kuonekana kuwa jambo la aina hiyo.

Mtu makini atapinga kwa kusema kwamba mfano wa pamba haushiki. Nondo wa funza huruka kwenda kwa jirani bila kuombwa, lakini flashi huchomekwa kwa hiari, na mwenye kompyuta anayo njia ya kukataa. Anaweza kutuma kazi yake kwa barua pepe au WhatsApp na kuikwepa steshenari kabisa. Nakubali sehemu ya pingamizi hili. Kwa miaka ya karibuni WhatsApp imechukua kazi nyingi za flashi, na hilo limepunguza maambukizi kuliko kampeni yoyote. Ila hiari hiyo haikuwapo mwaka 2010, na hata leo ina mipaka: mwalimu aliyebeba mtihani wa kurasa arobaini wenye michoro ya biolojia hatautuma kwa simu kwenda kwenye kompyuta ya dukani ambamo WhatsApp za watu kumi hufunguliwa kwa siku. Kumbuka pia kwamba kukataa kunahitaji mahali pengine pa kwenda. Mwenye printa mmoja mtaani ana nguvu juu ya wateja wake ambayo mwenye kirusi wala hakuitafuta.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, na linatoka ndani ya Usukuma wenyewe, nchi ya Wasukuma ambayo Simiyu ni sehemu yake. Ulinzi wa pamoja una historia yake huko, na si yote ya kujivunia. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, katika mpaka wa Shinyanga na Tabora, wizi wa ng'ombe ulipozidi na polisi wakawa mbali, wanavijiji waliunda vikundi vya Sungusungu, vilivyoitwa pia Basalama. Kila kikundi kilikuwa na mtemi wake, kamanda na katibu, silaha zao zikiwa pinde na mishale. Yowe la mwano likipigwa, kila mwanamume alipaswa kutoka, na asiyetoka alitozwa faini au kutengwa na jamii nzima. Wizi ulipungua, chama tawala na serikali vikawaunga mkono, na sheria ya mwaka 1989 ikawapa uhalali wa kukamata. Lakini walinzi haohao walipiga watu ili wakiri, walitoza faini wasizoweza kuzitolea hesabu, na katika sehemu nyingine waligeukia kusaka wachawi, kwenye eneo ambalo vikongwe wameuawa kwa tuhuma za namna hiyo. Anayeuliza nani atamlinda mlinzi hachezi na maneno. Mkaguzi wa flashi ni mtu anayeona barua zako, picha zako na mtihani wa kesho. Ukimpa mamlaka ya kukagua bila mipaka, umeajiri mpelelezi na kumlipa mwenyewe.

Pingamizi hili sioni kwamba linaivunja hoja. Linaionyesha sehemu ngumu zaidi, ile ya programu za kijasusi. Kirusi cha shotikati kilikuwa na kelele na kila mtu alikiona. Programu ya kijasusi hukaa kimya na kukusanya. Katika Simiyu ya leo chombo chake kikuu ni simu, na mara nyingi mwenye simu ameiruhusu mwenyewe. Mfano ulio wazi ni programu za mikopo ya mtandaoni. Mkopaji aliyekubali masharti bila kuyasoma aliipa programu orodha ya namba zake zote, na alipochelewa kulipa, ujumbe wa kumdhalilisha ulitumwa kwa mkwe, kwa mwajiri, kwa mchungaji. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza majina ya majukwaa na programu 69 za mikopo zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni. Antivirusi ya kawaida isingesema neno, kwani programu hizo hazikuvunja mlango wowote, zilifunguliwa. Kwenye kompyuta za steshenari hali inafanana na hiyo bila hata kuhitaji programu ya kijasusi. Mwanafunzi anayeomba mkopo wa elimu ya juu au kazi serikalini hufunguliwa akaunti na kijana wa dukani, nywila inaandikwa kwenye daftari la duka, kivinjari nacho kinaihifadhi, na baada ya mwezi mmoja kompyuta ile inazo funguo za maisha ya nusu ya mji.

Kinachotofautisha ulinzi wa pamoja na upelelezi, basi, ni kanuni inayomfunga mlinzi, nayo imekuja kwa kuchelewa. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, iliyoanza kutumika Septemba mosi mwaka huo, ilifanya kusambaza programu haribifu na kuingia kwenye mfumo wa mtu bila idhini kuwa jinai. Kwa umma, hata hivyo, imejulikana zaidi kwa kesi za maneno yaliyoandikwa juu ya viongozi, na raia anayeona sheria ikitazama ulimi wake zaidi ya kompyuta yake hana haraka ya kwenda kuripoti kirusi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023 na kupata tume yake, kwa maoni yangu inagusa zaidi steshenari ya Bariadi, kwa sababu inamtaka anayekusanya taarifa za watu ajiandikishe, azilinde, na asizitumie kwa jambo jingine. Kijana wa steshenari mwenye daftari la nywila ni mkusanyaji wa taarifa hata kama hajawahi kujiita hivyo. Kumtaka asiandike nywila za watu, afute historia ya kivinjari mbele ya mteja, na akague flashi kwa programu bila kufungua mafaili, kunamfanya mlinzi asiye na sababu ya kuchungulia. Kamanda wa Sungusungu hakuwahi kupangiwa mpaka wa aina hiyo, na hapo ndipo mambo yake yalipoharibika.

Haya yote yangebaki historia tu kama mzunguko ule usingekuwa unaanza upya. Microsoft iliacha kuihudumia Windows XP tarehe 8 Aprili 2014, na mashine zake ziliendelea kuchapa mitihani kwa miaka kadhaa bila kinga mpya. Tarehe 14 Oktoba 2025 Windows 10 nayo ilifikia ukomo wake wa kawaida, na kompyuta nyingi zilizonunuliwa zikiwa zimeshatumika hazina kijenzi cha usalama wala prosesa inayotakiwa na Windows 11. Hazitatupwa, maana zinawaka, zinachapa, na zimeshalipiwa. Safari hii bando ni nafuu kuliko mwaka 2010, na mfumo huria kama Linux unaweza kuzifufua bila malipo ya leseni, mradi awepo fundi wa kuusakinisha na kumzoesha kijana wa dukani, na mradi printa ya duka ikubali kuzungumza nao. Mwenye kompyuta mpakato nyumbani Somanda au Malambo, mjini Bariadi, anaweza kuendelea kununua antivirusi yake kila mwaka. Swali la kwanza la kumuuliza lingebaki kuwa anachapishia wapi, na mashine ya huko inatumia Windows ipi.